Jina kwa Sauti ya Kuuzia Avoka

Mdomo wangu ulikufa mbele ya mteja. Afadhali ungekufa nimelala, nisingeona aibu.

Ilikuwa Bukavu, upande wa Congo, mahali nilipokuwa nakaa siku zote na beseni langu la avoka, zile ambazo kwingine huitwa maparachichi. Nilikuwa nimevuka mpaka kutoka kwetu Rwanda pale Rusizi ya Kwanza asubuhi kama kawaida, beseni kichwani, huku nikitukanana kwa mapenzi na wabeba mizigo. Mama mmoja mnene akainama, akabinya avoka moja, akabinya ya pili, akakunja pua.

"Hizi ngumu sawa jiwe, Maman. Punguza."

Nikafungua mdomo nimpe jibu lake. Nilikuwa nalo tayari, jibu zuri, lenye pilipili. Kilichotoka ni sauti ya mbuzi anayekohoa. Yule mama akacheka, akidhani nafanya mchezo. Nikajaribu tena. Akaacha kucheka. Mkono wangu wa kulia ukaiachia avoka niliyoishika, nikaiona ikibingirika barabarani, na nakumbuka nilichofikiri wakati ule: hiyo imeshaharibika, nani ataitaka.

Wabeba mizigo walewale ndio walionirudisha ng'ambo, wakinibeba kwa zamu kama gunia la unga. Hakuna hata mmoja aliyenitania. Hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya.

Hospitali wakasema ni kiharusi, tension, yaani presha, ilipanda ikapasua kitu kichwani. Uhai nilibaki nao. Masikio nilibaki nayo, na akili pia, ingawa wengi hawakuamini hilo la akili. Maneno ndiyo yaliyokimbia. Lilibaki moja tu: "voilà," yaani ndiyo hivyo. Mimi sina shule, darasa la tatu niliachia njiani, na Kifaransa nilikiokota barabarani kama watu wote wa Bukavu. Lakini katika maneno yote niliyoyatumia maishani, hilo la kuazima ndilo lililokaa. Unataka chai, Maman? Voilà. Unaumwa wapi? Voilà. Mwanangu akitoka nje nasikia analia nyuma ya jiko, nami namwita anyamaze: voilà, voilà.

Niseme mdomo huu ulikuwa nini, maana sipendi unyenyekevu wa uongo. Mume wangu alikufa mapema, mwaka tuliporudi Rwanda kutoka Congo tulikokulia. Watoto wangu walikula kwa mdomo huu, walisoma kwa mdomo huu. Nilikuwa na wimbo wangu wa kuuzia: "Avokaaa ya siagi, kuya uonje!" Unapanda kwenye avoka, unashuka taratibu kwenye siagi, halafu unavuta mteja kwa mwisho wake kama kamba. Wenzangu walijaribu kuuiga. Wateja wao walipita.

Sasa sikiliza kilichoniumiza kuliko mkono uliolala. Mke wa mwanangu alikuwa mjamzito. Wajukuu kwa mabinti zangu ninao, wananiita Koko, wananimalizia sukari. Lakini huyu alikuwa wa kwanza wa mwanangu wa pekee, naye angezaliwa ndani ya nyumba yangu, Mururu. Kwetu mtoto akishazaliwa, ndugu na majirani hukutana kumpa jina. Watoto wadogo hukalishwa kwenye mkeka, hulishwa, kisha huulizwa wao kwanza: huyu aitwe nani? Wanataja upuuzi wao, watu wanacheka. Halafu wakubwa wanafuata mmoja mmoja, na mwishoni baba wa mtoto anachagua.

Mimi jina nilikuwa nalo. Lilitoka kwa mume wangu. Alinipa siku tuliyovuka daraja kurudi, akasema: mtoto huyu mdogo akizaa, mtoto wake mwite hivi. Mtoto huyo mdogo ndiye mwanangu, alikuwa mgongoni kwangu, amelala. Hakusikia. Hakuna aliyesikia isipokuwa mimi. Nilikuwa nimelitunza miaka yote bila kulitaja, kwa sababu kwetu jina la mtoto ambaye hajazaliwa halitamkwi. Ni kama kufungua chungu kabla hakijaiva. Tena jina linatoka kinywani mwa anayelitoa. Halitumwi, haliazimwi. Wala usiniulize kwa nini sikuandika. Mkono ulikuwa umelala, na herufi nazo zilikuwa zimeondoka pamoja na maneno.

Kwa hiyo tumbo la mkwe wangu lilikuwa linakua, na mdomo wangu umekufa, na jina limo ndani yangu kama mtu aliyefungiwa nyumba inayoungua.

Bamwana wangu, yaani mama wa mkwe wangu, akaja kutoka Rwimbogo kunipa pole. Huyo mama ni msemaji. Akiombea chakula, chakula kinapoa. Akanishika mkono akasema, "Bamwana, usiwe na wasiwasi. Siku ya jina mi nitasema kwa familia zote mbili. Wewe utapumzika."

"Voilà," nikamwambia. Akadhani nimekubali.

Ndipo hospitali wakaniletea binti mmoja. Koti jeupe limepigwa pasi, uso bado wa shule. Naye alizaliwa Bukavu kama wanangu, Kiswahili chake kilikuwa chetu. Akanisalimia vizuri sana, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, kichwa chini.

"Maman, mimi kazi yangu ni kusaidia bantu barudishe maneno yao."

Moyoni nikasema, hakuna kazi kama hiyo. Maneno si mbuzi wa kuswagwa jioni. Lakini mkwe wangu alikuwa ameshanikalisha.

Akatoa picha ya kikombe. Kichwani mwangu kikombe kilikuwepo, nakiona, hata mvuke wa chai nauona. Mdomo ukasema, "Kuku."

"Ni vizuri, Maman. Aksanti."

Vizuri nini? Akaonyesha nyumba. "Kuku." "Vizuri, Maman, unajitahidi." Akaonyesha jua. Kuku. Siku hiyo nilifuga kuku mezani pake mpaka meza ikajaa, naye akawapokea wote kwa tabasamu. Tulirudi wiki iliyofuata, na nyingine. Yakaanza kutoka maneno mengine, lakini kila moja lilitua kwenye picha isiyo yake. Nikiita kisu "sabuni," anasema vizuri. Nikiita mtoto "barabara," anasema asante, Maman. Nilijua nimekosea! Muulize yeyote aliyewahi kupata ugonjwa huu: unajisikia unakosea, kama mtu anayevaa kiatu cha mwenzake. Na huyu binti mbele yangu ananisifu kama mtu anavyomsifu mtoto aliyekojoa kwenye chungu.

Siku moja nikachukua mkono wangu mzima, wa kushoto, nikafagia picha zote zikaenda chini.

Mkwe wangu akaruka kuziokota pamoja na tumbo lake. Binti akamzuia, akaziokota mwenyewe, taratibu. Alipokaa hakuwa na tabasamu tena.

"Maman, najua haikuwa kuku," akasema. "Hata siku ya kwanza nilijua. Chuoni walinifundisha nikuambie pale pale. Lakini kwetu, mutoto akimukosoa muntu muzima, anapigwa mudomo. Kila nikitaka kukuambia 'Maman, hapana,' kinywa changu kinakataa."

Tulikuwa wagonjwa wawili, basi. Mimi maneno hayatoki, na yeye yake hayatoki. Watu husema heshima si utumwa. Kwa yule binti ilikuwa kamba iliyofungwa mdomoni. Nikacheka, nusu ya uso wangu ikacheka, nusu nyingine ikabaki imenuna.

"Voilà," nikasema. Na safari hiyo lilikuwa neno lenyewe hasa.

Usidhani mambo yalinyooka hapo. Kujua kamba ilipofungwa si kuifungua. Wiki iliyofuata alijaribu. Nikasema kisu ni sabuni, naye akaanza: "Maman... samahani... pengine, kama utaniruhusu, labda tungeangalia tena..." Alipofika mwisho wa heshima zake, mimi picha yenyewe nilikuwa nimeshaisahau.

Kilichotuokoa ni uchoyo wangu.

Mkwe wangu alikuwa ameanza kuuza avoka zangu mbele ya nyumba, kando ya barabara, kwa sababu tumbo halikumruhusu kuvuka. Mimi nilikaa pembeni kwenye benchi, kama picha ya marehemu. Jioni moja binti akapita, anatoka kumtazama mgonjwa mwingine huko juu. Hana koti, ana kitenge na mkoba. Akasalimia, akainama kwenye beseni atafute avoka za nyumbani kwake. Na akiwa ameinama, akawa mteja. Akabinya moja, akabinya ya pili, akakunja pua.

"Hizi mulichuma lini? Zimeshaanza kulia maji. Punguza."

Mkwe wangu ana moyo laini kuliko avoka zenyewe. Nikamwona anafungua mdomo akubali. Damu ikanipanda.

"Ha-pana!"

Wote wakanigeukia. Nami nikajigeukia, kama mtu anaweza kufanya hivyo. Nilitegemea lile "vizuri, Maman" lake. Halikuja. Nikaona macho ya binti yanafanya kazi, yanatoka kwangu yanakwenda kwenye beseni, yanarudi kwangu.

"Hapana nini?" akasema, kwa sauti ya sokoni. "Maman anasema hapana, lakini hata hasemi anauzisha nini. Mi naenda zangu." Akainuka, akatia mkoba kwapani, akaanza kuondoka.

Hakuna mtu anayeondoka kwenye beseni langu. Hakuna. "Rudi!" nikapiga kelele. Likatoka zima.

Akarudi nusu njia, mkono kiunoni. "Unauzisha nini?"

"Ku... ku..."

"Kuku? Mi sioni kuku hapa. Kama unauzisha kuku, leta kuku!"

Mkwe wangu alishika mdomo wake kwa mikono miwili. Binti mdogo anamcheka mama mkwe wake barabarani! Nami nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu siku ile ya Bukavu. Maana mbele ya beseni hakuna mkubwa. Hata mchungaji wa kanisa akija kununua anaambiwa asibinye vya watu, na yeye anakuambia bidhaa yako mbaya, na hakuna anayekwenda kushtaki. Pale binti alikuwa amepata ruhusa yake, na mimi nilikuwa nimepata mtu wa kubishana naye.

Kuanzia hapo hatukuzitazama tena zile picha. Nikifika hospitali anatandika kitenge mezani, anatoa kwenye mkoba wake vitu vya kweli: kikombe, kitunguu, kipande cha sabuni, avoka. Mimi muuzaji, yeye mteja. Na alikuwa mteja mbaya, mwenye kiburi, wa kukutia wazimu. Nikikosea neno ananicheka. Nikinyamaza anainuka, mkoba kwapani, anaelekea mlangoni bila kugeuka, mpaka nimrudishe kwa neno. Mara nyingine alifika mpaka kwenye ukumbi wa nje, wagonjwa wengine wakisikia kikongwe kinapiga kelele chumbani, "Ki-tunguu! Rudi! Kitunguu, wewe!"

Likikwama kabisa, ananiambia niimbe. Wimbo wangu wa avoka haukuwa umekimbia, ndilo jambo la ajabu. Maneno yaliondoka, sauti yake ikabaki, kama harufu ya moshi kwenye nguo. Alinifundisha nipige paja kwa mkono wa kushoto, pa, pa, pa, halafu nipandishe sauti kama naita wateja, na ndani ya sauti hiyo niweke neno lingine. Sabuniii ya kufua. Kikombeee cha chai. Neno lililokataa kutoka likitembea lilikubali kutoka likicheza.

Akishakunja kile kitenge, basi. Mteja mbaya amekufa. Anakuwa tena binti aliyelelewa, ananiinua kwa mikono miwili, ananiuliza kama nimelala vizuri. "Maman, usinichukie," aliniambia siku moja akinivalisha kiatu. Nikamwambia, kwa kuvuta, "Mu-nunuzi... mubaya." Akacheka mpaka akakaa chini.

Siku moja akaniuliza ni neno gani nalitaka kuliko yote, tulifanyie kazi. Nikamtazama mkwe wangu, aliyekaa dirishani amesinzia, mikono juu ya tumbo. Binti akafuata macho yangu.

"Ni jina?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Na haliwezi kusemwa."

Ndiyo.

Ni mtoto wa kwetu, hakuhitaji kuelezwa. Mgeni angeniambia niliseme tu, hapa hakuna anayesikia. Yeye akasema, "Basi Maman, hilo hatuligusi. Sisi tutatengeneza barabara. Gari utaleta mwenyewe siku yake."

Maneno mazuri. Lakini nyumbani niliogopa. Kila neno nililokuwa nalo sasa nilikuwa nimelipata kwa kulikosea kwanza, tena na tena. Hilo moja ningelijaribu kwa mara ya kwanza mbele ya watu wote.

Mtoto akazaliwa, msichana, kichwa chenye nywele kama amekuja na kofia. Jumapili ya jina nyumba ikajaa. Bamwana alikuja na kitambaa kipya kichwani, kirefu kuliko mlango. Binti wa hospitali nilimwalika mimi, kwa neno langu mwenyewe, akakaa nyuma karibu na mlango kama mgeni mwenye adabu.

Watoto wa mkekani wakala maharage yao wakaanza. Mmoja akasema mtoto aitwe Biskuti. Mwingine akasema Sambaza, kwa sababu anapenda samaki hao. Watu wakacheka. Wakubwa wakafuata, wajomba, mashangazi. Kisha mwanangu akanigeukia mimi, na nyumba ikanyamaza ule unyamavu wa huruma ambao ni mbaya kuliko kelele.

Nikafungua mdomo. Hakuna. Jina nililiona lilipo, kama unavyoona ufunguo uliodondoka kisimani. Nikasukuma. Ikatoka hewa.

"Maman, usijisumbue," mwanangu akasema taratibu. "Hakuna muntu atakulaumu."

Bamwana alikuwa ameshasimama, anarekebisha kitambaa. "Ndugu zangu, kwa sababu bamwana wangu hawezi..."

Nikamtafuta binti kwa macho. Nilitaka anipe kitu, chochote, mdomo wake uanze, nami nifuate. Hakunipa. Alinitazama mara moja, akainuka, akatia mkoba wake kwapani, akakunja pua, na mbele ya watu wote waliokuwa wamekaa kwa heshima, akanipa mgongo akaelekea mlangoni.

Watu wakaguna. Shangazi mmoja akasema, "Na huyu naye hana mama?"

Mimi sikuona tena mgeni. Niliona mteja anaondoka. Mkono wangu wa kushoto ukapiga paja wenyewe, pa, pa, na sauti ikapanda pale inapopanda avoka, ikashuka taratibu pale inaposhuka siagi, na ndani yake, kwa mara ya kwanza tangu darajani, jina la mume wangu kwa mjukuu wake likatoka nje, watu wote wakalisikia.

Bamwana akashika kitambaa chake: "Yesu wangu! Anamuuzisha mutoto!"

Nyumba ikapasuka kwa kicheko. Watoto wa mkekani wakaudaka wimbo palepale, wakawa wanauza mjukuu wangu kwa sauti kubwa. Mwanangu hakucheka. Alikuja akapiga magoti mbele yangu.

"Jina hilo ni la nani, Maman?"

"Baba... yako," nikasema. "Daraja. Wewe... mugongoni."

Aliweka uso wake juu ya magoti yangu. Habari nzima alikuja kuipata baadaye, kipande kwa kipande, lakini siku ile hivyo vilitosha. Alipoinuka alichagua, wala hakufikiri. Bamwana, nimpe haki yake, alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele.

Binti alikuwa bado amesimama mlangoni, mkoba umeteremka mpaka kwenye kiwiko, machozi yanamtiririka. Akaja kwangu, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, kichwa chini, kama siku ya kwanza. Nikajiambia, sasa ataniambia vizuri, Maman.

"Maman," akasema, "mwisho wake umeumeza. Rudilia."

Bila kitenge. Bila beseni. Mbele ya wazee wote. Shangazi yule akavuta pumzi kama aliyechomwa mwiba. Nami nikarudilia, na mwisho ukatoka.

Sasa mtoto anatambaa. Maneno yangu hayajarudi yote, na mengine nafikiri yameshahamia kwa watu. Nambari zinanisumbua, kwa hiyo mkwe wangu ndiye anayevuka kwenda Bukavu na beseni, na moyo wake umeanza kuwa mgumu kidogo, nashukuru Mungu. Binti huja mara chache siku hizi. Ana wagonjwa wengine, akiwemo mzee mmoja mkali ambaye neno lililobaki kwake ni tusi, na binti anamjibu. Akipita kununua avoka anadai nyongeza, nami namnyima.

Mimi nakaa kando ya barabara na mjukuu wangu. Jina lake likisemwa kawaida bado linanikwama, kwa hiyo namwita kwa wimbo, na popote alipo anageuza kichwa na kuja mbio kwa magoti yake. Shida ni wapita njia. Wakisikia sauti ile wanasimama, wanachungulia kando yangu, wanauliza bei gani, Maman.

"Huyu hauzwi," nawaambia. Hilo linatoka lenyewe.